UZI: Wenye ulemavu wakiulizwa mtaa unahitaji nini, kitambulisho chaingiaje hapo?

Mzawa_Langoni

Salaam aleikum wadau. Jambo hili tulilibishania kikaoni mpaka adhana ya Isha, tukatoka kila mtu na lake. Nimeona nililete hapa.

Kikundi chetu cha watu wenye ulemavu hapa Amu, yaani Lamu mjini, kimeombwa kisaidie kukusanya maoni. Kaunti inatayarisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka, ule ambao kisheria hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kuna shirika limejitolea kuwalipa watu wapite mtaa kwa mtaa wawaulize wenye ulemavu ni lipi litangulie: jeti ya kushukia vyombo vya baharini, zahanati, shule, taa, mitaro? Kwa wazo lenyewe sina neno. Mikutano ya maoni ya umma imezoea kufanyiwa ghorofani, kisha watu wanauliza mbona mwenye kiti cha magurudumu hakuja.

Tatizo ni fomu. Iko kwenye simu, kwa KoboToolbox, ile programu ya kujazia fomu. Kabla hujaulizwa lolote kuhusu mtaa unatoa jina kamili, nambari ya kitambulisho, simu, jina la mlezi, aina ya ulemavu, "chanzo cha ulemavu", dawa unazotumia, kama umeoa au umeolewa, mapato ya nyumba, na picha. Halafu simu yenyewe inanasa mahali nyumba ilipo. Swali la mahitaji ya mtaa liko mwisho kabisa, moja tu, taja matatu. Na juu ya fomu kuna kisanduku "Mhojiwa ameridhia". Anayetia tiki ni mhoji.

Nikauliza, haya yote ya nini? Nikajibiwa mfadhili anataka.

Msimamo wangu ni kwamba ukitaka kujua mtu anaonaje kuhusu jeti, jina lake halikusaidii kitu. Nyinyi mwaonaje?

Dau_la_Mokowe

Picha ya nini tena? Yaani hata kuomba ngazi za jeti zitengenezwe lazima nipige pozi na magongo yangu?

Karani2019

Mimi nitawapinga kidogo, mnisamehe. Nilifanya sensa ya 2019 huku Pwani. Mwaka ule maswali yalibadilika. Tulikuwa hatuulizi "kuna mlemavu humu?", tulikuwa tunauliza kama mtu ana taabu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na taabu yenyewe ni kiasi gani. Maswali mazuri, hayamtii mtu aibu. Na bado hesabu ya nchi nzima ikatoka asilimia 2.2 ya walio na miaka mitano na zaidi. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa 3.5. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 kwa dunia nzima. Watu hao wamekwenda wapi? Wengine wako vyumba vya ndani, na anayejibu ni baba mwenye nyumba ambaye hataki ijulikane.

Kwa hiyo mkianza na "tusiandike jina, tusiandike aina ya ulemavu", mnamsaidia yule baba. Mwakani mheshimiwa atasimama bungeni aseme hao watu mia tatu mnaowasema ni hewa, leteni majina. Mtaleta nini?

Mzawa_Langoni

@Karani2019 hoja nzito hiyo, na ndiyo aliyoitoa katibu wetu. Lakini wewe unazungumzia kuhesabu. Sisi tumetumwa kuuliza maoni.

fimbo_nyeupe

Mimi mato yangu hayaoni tangu udogoni, huu uzi nasomewa na simu. Nitawaambia ridhaa huchukuliwaje huku kwetu, maana naona mnazungumza kama kwamba mtu hukaa akafikiri.

Anakuja kijana na mzee wa mtaa. Mzee akishakuwapo, kukataa ni kama kumvunjia heshima mbele ya mgeni. Tunakaa dakani, hapo kibarazani mlangoni, kwa sababu mgeni wa kiume haingii ndani moja kwa moja. Sasa nyinyi wa Amu mwalijua daka: kichochoro ni upana wa punda na shehena yake, kila apitaye asikia. Kijana asoma karatasi ya Kiingereza kimoyomoyo, kisha aniambia kwa Kiswahili, "Ni maswali kidogo tu kuhusu msaada." Hilo neno msaada limekwisha kunifunga. Kisha ashika kidole changu: weka dole hapa. Nimeweka dole kwenye karatasi ambazo hadi leo siyui zasema nini.

Halafu maswali hayaji kwangu. Yaenda kwa mwanangu. "Mzee anakula mwenyewe? Anakwenda msalani mwenyewe?" Nami nimekaa papo hapo, masikio mazima.

Yana (jana) mtu akaniuliza ningependa nini kitengenezwe mtaani. Ningependa kusema mitaro ifunikwe, hilo laweza kusemwa mbele ya yeyote. Lakini pia ningependa kusema pawe na mtu wa ustawi wa jamii ambaye mtu aweza kumwendea bila jamaa zake kujua, kwa sababu pesa za Inua Jamii, zile elfu mbili za serikali za kila mwezi, si kila nyumba zinamfikia mwenyewe. Hilo nitalisema mbele ya nani? Kwetu sisi zafika, alhamdulillahi, lakini nawajua ambao haziwafikii. Mkimhoji mtu kama huyo dakani, mwanawe kando yake, atawaambia mitaro.

Kwa hiyo kabla hamjafuta jina kwenye fomu, amueni kwanza mtu ataketi wapi na nani atakuwapo.

Dau_la_Mokowe

Fimbo umemaliza maneno.

Jahazi_Bovu

Na soda je? Mie nikihojiwa bila soda sikumbuki kitu 😂

WakiliWaPwani

Soda si kosa, Jahazi, ila itolewe kwa anayejibu na kwa anayekataa.

Nitoe ya sheria. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na imetaja kwamba habari za familia yako au mambo yako ya binafsi zisitakiwe wala zisifichuliwe pasipo haja. Shikeni hayo maneno "pasipo haja". Mfadhili kutaka si haja, mpaka aeleze chanzo cha ulemavu wa mtu kinaisaidiaje kaunti kuamua jeti ijengwe au isijengwe.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaja kukaza. Hali ya afya, mali, ndoa, majina ya watoto, wazazi, mke au mume: yote hayo ni data nyeti. Pitieni fomu ya Mzawa tena mtaona kilichobaki ni kidogo. Sheria hiyo inataka mkusanyaji achukue kile tu kinachohitajika kwa lengo alilolitaja, na asikitumie kwa lengo jingine.

Kuhusu ridhaa, mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliridhia uko kwa anayekusanya. Tiki iliyotiwa na mhoji mwenyewe itamsumbua siku akiulizwa. Mtu anaweza kujitoa wakati wowote. Na katika kupima kama ridhaa ilikuwa ya hiari, huangaliwa kama mtu alifungiwa huduma mpaka atoe data ambayo huduma yenyewe haiihitaji. Mhoji akidokeza tu kwamba usipojibu hutaingia kwenye orodha ya msaada, ridhaa hiyo imekwisha.

Data ikivuja, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Faini ni hadi KSh milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo. Msidhani ni mchezo: Septemba 2023 shule moja ilitozwa KSh 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Jambo la mwisho. Watafiti hupenda kuja na kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na barua ya chifu wakadhani wamemaliza. Hizo ni karatasi za kumpitisha mtafiti. Aliye ndani ya nyumba bado hajaulizwa.

Karani2019

Wakili asante. Lakini bado hujanijibu la watu hewa.

BintiShela

Nataka kuongeza kitu ambacho hata wanaosema "tufute majina" hawakioni. Jina ukilifuta, mtu bado yupo.

Kaunti yote ya Lamu sensa ya 2019 ilitukuta watu 143,920, wadi kumi. Gawa kwa vijiji. Sasa chukua kijiji kimoja cha Pate, uandike kwenye ripoti: "mwanamke, kiziwi, miaka 30 hadi 34, mjane". Pale kijijini hakuna haja ya jina, hata watoto wa madrasa watakutajia. Kisha ripoti hiyo inasema mapato ya huyo mwanamke na dawa anazotumia. Wale wa Nairobi wanaona wameficha. Majirani zake wanasoma kila kitu.

Na kuna ulemavu ambao kutajwa mahali ulipo ni hatari kubwa. Mwenye ualbino, ukiwa na ramani ya nyumba yake kwenye simu ambayo itashikwa na vijana kadhaa, umetengeneza kitu ambacho hakikupaswa kuwapo. Mwenye kifafa au ugonjwa wa akili, wapo dada ambao posa zimerudi kwa maneno kama hayo, na familia ikahamia Mombasa.

Mimi nimefanya kazi ya takwimu kidogo. Tunavyofanya: umri unaandikwa kwa mafungu makubwa, kijiji kinapandishwa hadi wadi, na sehemu yoyote ya jedwali yenye watu chini ya kumi haichapishwi, inaunganishwa na nyingine. GPS, ile inayonasa mahali nyumba ilipo, inazimwa kwenye fomu, ni kuifuta tu hiyo sehemu kabla ya kusambaza. Aina ya ulemavu ibaki, hapo nakubaliana na Karani, kwa sababu anachotaka asiyeona jetini si anachotaka kiziwi zahanatini. Lakini yatumike yale maswali sita ya sensa ya taabu ya kuona, kusikia na mengineyo. "Chanzo cha ulemavu" kiondoke. Nani ameomba kujua kama ulizaliwa hivyo au ulianguka mnazini?

Mwl_Ganda

Niko Malindi, upande wa Ganda. Yaliyotupata huku yawasaidie.

Miaka michache nyuma watu walipita wakaandika wenye ulemavu kwa ajili ya "mradi". Orodha ikawa faili moja: jina, simu, ulemavu. Mtu mmoja kwa nia njema kabisa akaitupa kwenye kundi la WhatsApp ili "wahisani waone". Wiki haikuisha, watu wakaanza kupigiwa simu: umechaguliwa kupata kiti cha magurudumu, tuma KSh 500 za usajili kwa M-Pesa. Anayepiga anajua jina lako, kijiji chako, na kwamba mguu mbovu ni wa kushoto. Utaachaje kumwamini? Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo ndio waliotuma zaidi. Na faili ile huwezi kuirudisha, hadi leo inazunguka.

La pili ni viziwi. Kuna mchezo wa kumtumia dada au jirani kama mkalimani. Nimeshuhudia kiziwi akieleza kwa mikono yake kwa muda mrefu, dada mtu akageuka akasema, "Anasema sawa." Mkalimani aliyesomea Lugha ya Ishara ya Kenya analipwa, ndiyo, lakini kama bajeti ina simu mpya za wahoji haikosi siku mbili za mkalimani. Na mkalimani naye aape kutosema nje, maana wakalimani ni wachache na kila kiziwi wa eneo anawajua.

Kuna wale ambao hawakusoma ishara rasmi, wana ishara za nyumbani tu. Hao nawaandalia picha: jeti, zahanati, choo, darasa, kisima. Anapanga mwenyewe chini kwa mpangilio anaoutaka. Hivyo hivyo kwa kijana mwenye ulemavu wa akili. Watu hukimbilia kwa mlezi kwa kuwa sheria imetaja mlezi, lakini hiyo haina maana mwenyewe asiulizwe. Kijana wangu mmoja darasani hajui kuhesabu mpaka kumi, ila ukimwonyesha picha ya choo cha shule anaisukuma mbali kwa hasira. Hayo si maoni?

Dau_la_Mokowe

Mwalimu hiyo ya picha chini ni safi sana. Hata bibi yangu ambaye hana ulemavu ningempa.

Karani2019

Nimesoma yote. Hiyo ya Malindi ya simu za matapeli imenifunga mdomo kidogo.

Basi nawaza hivi. Wanaotaka majina wanataka sajili. Sajili ya taifa ipo, iko kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, mtu anapimwa hospitali ya kaunti na anapewa kadi. Kama kilio ni kwamba wengi wa vijiji vya mbali hawana kadi, maana nauli ya kutoka Kiunga mpaka hospitalini Amu ni mzigo, basi hilo ni hitaji na liandikwe kama hitaji: timu ya upimaji ipelekwe vijijini. Lakini kikundi kisianze kutengeneza sajili yake ya pembeni ndani ya fomu ya maoni.

Na mheshimiwa akisema watu ni hewa, mwoneshe namba za wadi, tarehe, na wahoji wenyewe waje mbele ya kamati. Sidhani itatosha kwa kila mheshimiwa, lakini wa namna hiyo hata majina hayatamtosha.

Mzawa_Langoni

Shukran sana. Nimekaa na vijana wetu, tumeandika upya sehemu ya mwanzo. Itasemwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, na kwa wa bara wasiokielewa vizuri itasemwa kwa lugha yao:

"Jina langu ni fulani, natoka kikundi fulani. Tunawauliza wenye ulemavu wa wadi hii wangependa kaunti itengeneze nini kwanza. Sitaandika jina lako, simu yako wala nyumba yako, na sitakupiga picha. Ukijibu hupati pesa wala msaada. Ukikataa hupotezi kitu, na pesa za Inua Jamii hazihusiani na jambo hili. Swali usilolitaka liruke. Ukichoka tunaacha. Majibu yako yatachanganywa na ya wengine, kisha tutawarudishia hapa hapa kijijini yaliyotoka. Je, tuzungumzie hapa au mahali pengine? Na ungependa nani awepo, nani asiwepo?"

Mzee wa mtaa atatuonyesha nyumba kisha atatuacha. Mhojiwa mwanamke ataendewa na mhoji mwanamke. Fomu yenyewe imebaki na wadi, fungu la umri, jinsia, yale maswali sita, na mahitaji. Mahitaji ndiyo yamejaza fomu sasa.

fimbo_nyeupe

Imependeza. Mawili.

La kwanza, Wakili amesema mtu aweza kujitoa. Bila jina nitajitoaje baadaye? Mtanipa kikaratasi chenye namba, nami sitakisoma na kitapotea. Semeni ukweli: waweza kujitoa mpaka siku fulani, kabla majibu hayajachanganywa, na namba yako tutakurikodia kwa sauti kwenye simu yako mwenyewe ukitaka. Baada ya hapo haiwezekani. Mtu mzima akiambiwa hivyo aelewa.

La pili, lile swali "nani asiwepo" msiliulize mbele ya watu. Mwanangu akiwa amekaa pale nitasema abaki. Mpangieni kazi nyingine kwanza. Muulizeni yeye mahitaji yake kama mlezi, kando, na mhoji mwingine. Walezi nao wana lao la kusema, na mimi nitapata nafasi yangu moya.

WakiliWaPwani

Hilo la pili ni la kuchukuliwa kama lilivyo. Na walio chini ya miaka 18, mzazi aridhie lakini mtoto naye aulizwe. Akitikisa kichwa, mwache.

BintiShela

Mzawa, akaunti ya KoboToolbox ni ya nani? Mwenye akaunti ndiye anayeona kila jibu kama lilivyo, kabla ya kuchanganywa. Na mkienda Ndau au Kiwayu ambako mtandao unasuasua, majibu yanakaa kwenye simu mpaka ipate mtandao. Simu ikitumbukia baharini ni hasara, lakini ikiokotwa ni balaa zaidi. Ziwekwe nywila, na zisiwe simu za binafsi za vijana.

Mzawa_Langoni

Akaunti ni ya shirika. Tumewaomba watupe sisi, wao wapate majedwali tu. Wamesema mkataba wao na mfadhili unawataka wahifadhi "data ghafi" kwa miaka kadhaa. Nikawauliza ghafi ya nini, ikiwa hakuna jina? Wakasema basi turudishe angalau nambari ya simu, "kwa ufuatiliaji".

Tunakutana nao Jumamosi baada ya Dhuhuri. @WakiliWaPwani, kama una sampuli ya makubaliano inayosema data inafutwa lini na inafutwa na nani, nitumie inbox kabla ya Ijumaa. Nambari ya simu haturudishi, hilo kikundi kimeshapiga kura. Hilo la akaunti ndilo sijui litaishia wapi.

Karani2019

Wakigoma kabisa, karatasi na kalamu bado vinauzwa pale sokoni.

Jahazi_Bovu

Na soda.